Vitambaa vya Mama Mapasa

Niliondoka Mbeya kwa sababu ya ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja. Aliyeutuma ni Astrid Ngalula, mwalimu mstaafu wa Likasi, ambaye tulijuana kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa kule Ndola. Astrid ni mtu anayecheka hata akilalamika, kwa hiyo ilinibidi niusikilize mara mbili nijue kama amefiwa au ana sherehe.

"Mama Neema," ilisema ile sauti, "bintu byetu biko paka mu makartoni, na panya banaanza kukula. Bon, paruasi imetupatia chumba! Samedi ya juma ingine tunafungula. Kuya utusaidie kupanga. Tena kuko Mama Mapasa, eko muzee sana, macho imeanza kupotea. Kila siku anasema, mbele nikufe nataka nione jina yangu mwenyewe pembeni ya kitambaa yangu. Donc usikawie."

Mimi nilichoshika kwanza ni kwamba kwenye makatoni kuna paka na panya pamoja, nikajiuliza huyo paka analipwa kwa kazi gani. Nilikuja kuelewa nikiwa huko huko kwamba kwao "paka" ni "tu". Vitu vimo kwenye makatoni tu, basi, na "paruasi" ni parokia, iliyowapa chumba cha kuvionyesha.

Na vitu vyenyewe ni hivi. Zamani kampuni ya shaba iliyojenga kambi za wafanyakazi kule Panda, kitongoji cha Likasi, iliwafungulia wake wa wafanyakazi nyumba ya mafundisho, wenyewe wanaiita fwaye. Humo walifundishwa kushona, kutarizi na kupika keki. Ukifungua madaftari ya fwaye hutaona jina la mwanamke hata mmoja. Kila mmoja ameandikwa "mke wa", halafu inafuata namba ya kazi ya mume. Astrid alipostaafu akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kilichobaki cha wanawake hao: vitambaa vya meza, foronya, picha, madaftari ya mapishi. Wenzake wakamuunga mkono, na makatoni yakajaa mpaka uvunguni mwa kitanda chake.

Sasa mimi nimetunza nyaraka za serikali miaka thelathini na ushee. Nimepanga mafaili ya wakoloni, ya wakuu wa wilaya, ya vyama vya ushirika, mpaka magoti yakaanza kulia. Mtu akiniambia kuna makatoni yasiyopangwa mahali, sipati usingizi. Nilimjibu Astrid kwa neno moja, "Nakuja", nikaenda kutafuta pasipoti.

Jumamosi alfajiri, Tunduma. Nilifika kwenye basi kabla ya dereva, jambo ambalo binti yangu Neema huwaeleza watu kuwa ni ugonjwa. Nilikuwa na begi moja la nguo na jingine la kazi: bahasha, penseli za risasi laini, uzi wa pamba, na daftari jipya la orodha lenye jalada gumu. Mpakani walinigongea muhuri bila maneno mengi.

Jumapili yote ilikuwa Zambia. Nchi ile ina barabara ndefu jamani. Unalala, unaamka, bado ni miti ile ile, na malori ya shaba yanakuja upande wa kwetu, moja baada ya jingine. Nilikula viazi vitamu vya kuchemsha na nikanunua asali ya chupa ya kumpelekea mwenyeji wangu. Abiria wa pembeni yangu alikuwa mchuuzi wa khanga aliyelala tangu Nakonde mpaka Kapiri Mposhi, akaamka, akauliza kama tumefika, akalala tena.

Jumatatu saa nne asubuhi, Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Ofisa kijana mwenye miwani alikagua karatasi zangu, akaniuliza kwa ule Kiswahili chao, "Mama, unaenda kufanya nini ku Likasi?"

"Kupanga vitambaa."

"Bitambaa bya kuuzisha?"

"Hapana, vya kutazama."

Alinikazia macho, kisha akamwita mwenzake. "Kuya usikilize huyu mama. Anatoka Tanzania kuja kutazama bitambaa!" Wakacheka wote wawili, nami nikawaeleza kwa urefu maana ya kuhifadhi historia ya wanawake, mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika. Yule wa miwani akagonga muhuri haraka haraka. Akaniambia bibi yake naye alikuwa na kitambaa cha redio, kitambaa cha kufunikia redio tu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nikamwambia akitafute, asikiache kikapotea.

Jumanne, baada ya kulala Lubumbashi, nilipanda gari la kwenda Likasi. Mwendo ni wa saa mbili na ushee, lami nzuri, na pande zote za njia kuna vichuguu virefu kuliko nyumba. Mwanzoni nilidhani ni vilima. Karibu na Likasi nchi inaanza kupanda na kushuka, na mji wenyewe umekaa juu ya mikunjo hiyo: nyumba za zamani zenye baraza za duara, miti mikubwa kando ya barabara, na upande wa Panda bomba refu la kiwanda ambalo unaliona popote unapogeuka. Ilikuwa Juni. Watu walikuwa wamejifunga masweta na kutetemeka, nami mtu wa Mbeya nikashuka na blauzi ya mikono mifupi, najidai.

"Eh, mama yangu!" Astrid alinikumbatia pale kituoni. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuzuia gari. "Jambo yenu! Utashikwa na mafua, tutasema nini kwa batoto bako?"

"Mimi natoka kwenye baridi, dada. Hii kwetu ni hali ya hewa ya kufulia nguo."

"Sikieni Kiswahili bora!" akawaambia watu wote wa kituoni. "Sawa redio!" Yaani naongea kama redio.

Nyumbani kwake tulikula bukari, ndiyo ugali, kwa sombe, yaani kisamvu, na samaki wa ziwa Tshangalele waliokaangwa mpaka mifupa inatafunika. Kabla jua halijazama akanipeleka kumsalimia huyo Mama Mapasa, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale. Nilimkuta barazani, mwanamke mwembamba mrefu, kilemba kimefungwa vizuri, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza, akapapasa ncha za vidole vyangu.

"Huyu hashonake," alimwambia Astrid.

"Sishoni, mama, shikamoo," nilisema. "Mimi ni mtu wa karatasi."

"Haizuru. Weye njo utaandika majina?"

"Ndiyo mimi, mama," nilijibu, maana "njo" yao ni "ndiye" yetu. "Jumamosi jina lako litakaa ukutani."

"Jina yangu mwenyewe?"

"Lako mwenyewe, mama."

Akatabasamu mpaka nikaona meno yake yote, na hayakuwa mengi. Nami nikaondoka pale nimejaa furaha ya mtu aliyeahidi jambo jepesi. Jina lenyewe sikumuuliza. Si nilikuwa nalijua?

Jumatano asubuhi tulifungua chumba. Kilikuwa nyuma ya kanisa la parokia, kimepakwa chokaa upya, kina rafu za mbao na dirisha kubwa. Makatoni yalikuwa kumi na mawili. Ndani yake kulikuwa na mafurushi madogo, kila furushi limefungwa kwa utepe wa kitambaa uliochanwa, na limechomekwa kikaratasi chenye jina. Astrid aliniambia nisubiri kesho, akina mama wote watakuja tupange pamoja.

"Nyinyi nendeni mkashughulikie chakula cha Jumamosi," nilimwambia. "Niachieni mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

"Una hakika, Mama Neema?"

"Astrid, mimi nimepanga mafaili ya mkoa mzima."

Basi akaenda. Nami nikakunja mikono ya blauzi, nikafanya kazi siku nzima huku naimba. Nilisoma kikaratasi kimoja kimoja. Mama Kalala, Mama Ilunga, Mama Jeanne, kila mmoja nikampa boksi lake. Lakini aliyenishangaza ni Mama Mapasa. Katoni la kwanza Mama Mapasa, la tatu Mama Mapasa, la saba Mama Mapasa! Mashuka, vitambaa vya viti, vya meza, foronya zenye maua, zenye ndege, zenye herufi. Nikasema moyoni, yule bibi si mchezo, kumbe ndiyo maana anapapasa vidole vya watu. Vyote nikavikusanya kwenye boksi moja kubwa. Na kwa kuwa rafu zilikuwa na vumbi la chokaa, zile tepe za kufungia, ambazo niliziona ni matambara tu, nikazilowesha kwenye beseni nikafutia rafu. Zilifuta vizuri kweli. Nikalala usingizi mtamu.

Alhamisi, saa saba mchana, akina mama walikuja kama kumi na tano hivi, na masufuria yao. Tulipomaliza kula nikasimama kuwasomea maelezo niliyoandika kwa kalamu nzuri, ya kubandikwa ukutani. Nilianza na yule aliyenivutia zaidi.

"Mama Mapasa," nilisoma, "ni mtarizi hodari kuliko wote. Kazi zake zimetoka mitaa ya Panda, Shituru na Kikula, na zinaonyesha mbinu nyingi ajabu, kana kwamba zimefanywa na mikono ya watu tofauti."

Mwanamke mmoja mnene wa miaka kama sabini, anaitwa Thérèse, akaweka sahani chini.

"Mama Neema, pardon. Soma tena pale pa mikono."

Nikasoma tena.

Wee! Nilidhani paa linaanguka. Thérèse alicheka mpaka akashika ukuta. Mwingine akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Astrid alitaka kuniambia kitu, akashindwa, akapiga meza kwa kiganja.

"Mama Mapasa hapana muntu mumoja!" alisema hatimaye, akifuta machozi. "Mapasa njo batoto bawili ba tumbo moja. Muke yote mwenye kuzala mapasa, jina yake ya kwanza inaisha, anakuwa Mama Mapasa. Mu makartoni yetu beko sita!"

"Minye pia niko Mama Mapasa," alisema Thérèse. "Na mama yangu, Mungu amupumuzishe, alikuwa Mama Mapasa. Weye umetuweka boksi moja, sawa dagaa!"

Nilicheka nao. Ningefanyaje? Mimi ambaye kwa watu nimekuwa Mama Neema tangu binti yangu azaliwe, nilipaswa kunusa jambo hili kabla ya kuvuka mpaka. Nikasema si neno, tutatenganisha sasa hivi.

"Haina magumu," alisema Astrid. "Kila furushi iko na kalamba yake. Kila mama alichana kitenge yake mwenyewe akafunga bintu yake. Sisi tunajua kitenge ya kila muntu. Kikaratasi ilikuwa paka ya kusaidia. Tule tulamba tuko wapi?"

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Nilitazama beseni. Wote wakatazama beseni. Tulamba, ndizo zile tepe nilizofutia rafu, zilikuwa zimelala humo kwenye maji meupe ya chokaa, zimejikunja pamoja, hakuna anayejua ipi ilifunga nini. Nyumbani kwetu kwenye ofisi za nyaraka, jambo la kwanza unalomfundisha mwanafunzi ni kwamba asivuruge mpangilio aliokuta. Mimi nimelifundisha mwenyewe, kwa ukali, na nimewahi kumliza kijana wa watu kwa kutoa pini moja.

"Nimeharibu," nilisema. "Astrid, nimeharibu kazi yako."

Hakuna aliyecheka tena. Nilimfikiria yule bibi wa barazani na ahadi yangu. Siku mbili zimebaki, na kitambaa chake kilikuwa ndani ya rundo la vitambaa vya watu sita, watatu kati yao marehemu, na yeye mwenyewe haoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Thérèse ndiye aliyenyanyuka. Alichukua foronya moja kutoka juu ya rundo, akaigeuza upande wa nyuma, akaisogeza dirishani.

"Mbele inadanganya," alisema. "Kwa fwaye walitupatia maua moja, ndege moja, kila muntu alifanya ileile. Mugongo ya kitambaa, kila muntu iko na yake. Kesho tuite babinti ba wale wenye walikufa. Tutageuza yote."

Ijumaa, tangu saa tatu, tulitandaza mikeka uani mwa kanisa na kulaza vitambaa vyote kifudifudi. Sijawahi kuona kazi ya namna hii, na nimeona nyingi. Kwa mbele vilifanana kweli, maua yale yale ya mfano wa kitabuni. Lakini nyuma! Huyu alifunga fundo dogo kila ua, yule aliruka na uzi mrefu kutoka jani mpaka jani, mwingine alipitisha mkia wa uzi mara tatu chini ya mishono kama mtu anayeogopa wezi. Mabinti walikuja, nao ni wanawake watu wazima, wakainama na kupita katikati ya mikeka.

"Hii ya mama! Angalia, alikuwa anaramba uzi, iko ngumu mpaka leo."

"Muongo, hii ya mama yangu, yeye alikuwa wa haraka. Hata bukari yake ilikuwa na madonge."

Wakacheka, wakabishana, wakakubaliana. Mimi nilikuwa chini pale kwenye mkeka na daftari langu, naandika kama mwanafunzi, na kila mwenye mkono alipopatikana niliuliza jina lake la kuzaliwa, nikaliandika kwanza. Kufikia saa nane rundo lilikuwa limegawanyika lote, isipokuwa kitambaa kimoja.

Kilikuwa kizuri kuliko vyote, kitambaa kikubwa cha meza, ndege wekundu wawili kila pembe. Thérèse alikuwa amekishika kifuani.

"Hii ya mama yangu. Nakumbuka hii ndege."

"Mama Mapasa mukubwa hajapata hata moja bado," Astrid alimkumbusha polepole. "Tungojee."

Yule bibi alikuwa amekaa kwenye kiti tangu asubuhi, kimya, akisikiliza. Sasa alinyoosha mikono.

"Mbele nishike, niseme kwanza," alisema. "Iko na kona ine. Kila kona, ndege mbili. Thérèse, angalia kona ya mwisho. Ndege moja haina jicho."

Thérèse alikitandaza magotini. Tukamzunguka. Pembe ya kwanza, macho mawili, moja kila ndege. Ya pili, macho mawili. Ya tatu pia. Pembe ya nne, ndege mmoja alikuwa na mdomo, mabawa na miguu, na mahali pa jicho palikuwa kitambaa cheupe kitupu.

"Kwa nini hana jicho, mama?" niliuliza.

"Mbuyi alinishika." Alimaanisha uchungu wa kuzaa, maana pacha wake wa kwanza ndiye Mbuyi, na wa pili Kabanga. "Nilikuwa nashona, tumbo ikaanza. Nikaweka sindano chini. Niliingia ku maternité niko Kapinga, nikatoka niko Mama Mapasa. Tangu ile siku hakuna mwenye aliniita Kapinga, hata bwana yangu. Nilirudilia kitambaa kisha miezi, ile jicho nikasahau."

Astrid alikigeuza, akaweka vidole vya bibi juu yake. Pembe tatu nyuzi zilikuwa zimebana, safi, fundo dogo kila mahali. Pembe ya nne ilianza hivyo hivyo, kisha mishono ikaanza kuruka, mirefu, uzi unaning'inia.

"Hapa Kapinga," alisema akipapasa. Kidole kikasogea. "Na hapa Mama Mapasa. Mutoto mumoja ku titi, mwingine analia. Nani iko na wakati ya kupanga uzi?"

Vicheko vikalipuka, na Thérèse ndiye aliyecheka kuliko wote. "Ndege ya mama yangu yote iko na macho!" alisema. "Nimeshindwa, mama, kamata kitambaa yako." Akamkumbatia bibi pamoja na kiti. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa raha, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Nilimuuliza niandike nini kwenye maelezo, Kapinga au Mama Mapasa.

"Kona tatu, Kapinga," alisema bila kufikiri. "Kona moja, Mama Mapasa."

Na ndivyo nilivyoandika, kwa penseli kwanza, kisha kwa wino.

Jumamosi, saa nne, chumba kilifunguliwa. Ua wa kanisa ulijaa. Wanawake walivaa vitenge vya sare, na kwa heshima ya akina Mama Mapasa waliimba nyimbo za mapacha, ambazo kwa desturi yao zina matusi ya kirafiki nisiyoweza kuyaandika mahali ambapo mchungaji wangu atasoma. Padri alitazama mawingu mpaka zilipokwisha. Wale mapacha wenyewe walikuwepo, Mbuyi na Kabanga, wazee wenye mvi, mmoja fundi wa baiskeli na mwingine karani mstaafu, wamesimama nyuma ya kiti cha mama yao.

Astrid alisimama mlangoni na daftari langu. Aliamua kuita majina kama anavyoita mwalimu darasani. Jina la kuzaliwa peke yake, na mwenyewe aitike, na kama ni marehemu aitike binti yake. Waliitikia kwa sauti kubwa. "Niko!" Makofi. "Niko!" Makofi.

"Kapinga!"

Kimya.

"Kapinga!" Astrid akapaza sauti.

Watu wakaanza kugeuka. Bibi alikuwa kwenye kiti chake mstari wa mbele, amewapigia makofi wote waliotangulia. Akamwinamia Thérèse aliyekaa kando yake, na kwa kuwa masikio nayo si ya jana, wote tulimsikia.

"Huyu Kapinga anakawia wapi?" aliuliza. "Bantu banamungojea!"

Kabanga, yule karani mstaafu, alipiga goti kando ya kiti, mzee mzima na suti yake. "Mama," alisema, "ni weye."

Bibi akaweka kiganja mdomoni. Kisha akashika mkono wa mtoto wake, akainuka taratibu mpaka urefu wake wote ukatokea.

"Niko!" alisema. Halafu kwa nguvu zaidi, "Niko! Njo minye!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani vilisikika mpaka kiwandani. Walimwongoza ndani, mpaka mbele ya kitambaa chake, wakaweka kidole chake juu ya maelezo niliyoandika. Hakuweza kuyasoma, kwa hiyo mapacha wakamsomea kwa kupokezana, na akawarudisha mwanzo mara tatu.

Jumatatu niliaga. Akina mama walinifungashia dagaa wakavu wa Tshangalele, na begi langu la kazi, lile la bahasha na penseli, nikaliacha kwenye rafu ya chini. Astrid alinisindikiza mpaka kituoni, akaniambia wakati mwingine nikiona kitambara nimuulize kwanza. Nikamwambia sitagusa hata taulo lake. Kasumbalesa nilimtafuta yule ofisa wa miwani nijue habari za kitambaa cha redio, wakasema yuko likizo.

Nimefika Mbeya siku ya Jumatano, na nimekaa kuandika haya wakati miguu bado imevimba. Nilichojifunza nakisema bila kuzunguka. Miaka yote niliyotunza nyaraka nilisoma kilichoandikwa mbele na nikakiamini, na wanawake wengi hawakuandikwa mbele. Wako kwenye fundo, kwenye kipande cha kitenge, kwenye jicho lililosahauliwa, na anayewajua ni aliyeishi nao. Ukitaka kuwahifadhi, keti kwanza na wanaojua, halafu ndipo ufungue furushi. Na uliza jina. Hata kama unadhani unalijua, uliza.

Jana Astrid alinitumia ujumbe mwingine wa sauti. Anacheka kiasi kwamba nusu yake haisikiki. Anasema mtaa mzima sasa umelishika lile jina, na kwa kuwa mtu mzima haitwi jina kavu, watoto wa njiani wanapopita barazani wanasalimia kwa adabu, "Jambo yenu, Mama Kapinga!" Na bibi anawarudisha kila siku, mmoja mmoja, anawasimamisha mbele yake.

"Mama Kapinga njo nani?" anawauliza. "Minye sikuzala Kapinga. Minye njo Kapinga!"